Mahali pa Kulikatia Neno

Katika shule ya msingi niliyosomea hapa Goma, tulijifunza kusoma kwa kuimba. Mwalimu aligusa ubao kwa fimbo, nasi tukaitikia: ba, be, bi, bo, bu, ma, me, mi, mo, mu, hadi ubao ukaisha. Baada ya majuma machache, mtoto aliyezishika silabi hizo aliweza kulisoma neno lolote la Kiswahili, hata ambalo hajawahi kulisikia, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu na herufi husomwa jinsi zilivyoandikwa. Nakumbuka jioni niliyolisoma neno "watakapowasindikiza" bila kukwama, silabi zote tisa, na mama yangu akaacha kupepeta mchele ili anisikilize. Tangu hapo niliamini kwamba neno refu si gumu kuliko neno fupi, bali linahitaji pumzi zaidi tu.

Kiingereza kiliivunja imani hiyo katika kipindi kimoja. Tulikuwa sekondari, tayari tumekizoea Kifaransa, na mwalimu wetu, mzee aliyekuwa amesomea Kampala, aliandika ubaoni maneno mawili tu: "strengths" na "area". Akatuuliza ni lipi lenye silabi nyingi. Darasa zima lilichagua la kwanza, kwani lina herufi tisa na la pili lina nne. Tena tulipolitamka kwa mazoea yetu, tukiingiza irabu kila mahali konsonanti zilipobanana, tulihesabu silabi tano au sita. Mwalimu akasema kwamba "strengths" ni silabi moja na "area" ni silabi tatu. Hatukumsadiki. Akatuambia kila mmoja aweke mgongo wa mkono chini ya kidevu, atamke neno polepole, kisha ahesabu ni mara ngapi kidevu kinashuka na kuugusa mkono.

Kidevu hushuka pale kinywa kinapofunguka ili kutoa irabu, na katika Kiingereza kila silabi huwa na sauti moja ya irabu, hata kama sauti hiyo imeandikwa kwa herufi mbili au tatu. Neno "beautiful" lina herufi tano za irabu, lakini kidevu hushuka mara tatu tu. "Asked" hushuka mara moja, ingawa macho yanaona mbili. "Wanted" hushuka mara mbili. Tulikaa kipindi kizima tukiwa na mikono chini ya videvu, wanafunzi wapatao hamsini, na mwisho wa kipindi nilikuwa nimeelewa kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikihesabu herufi huku nikidhani ninahesabu sauti. Kwa Kiswahili kosa hilo halikuwa limenigharimu kitu, kwa sababu herufi na sauti zetu hazigombani.

Kipimo cha kidevu kina mahali kinaposhindwa, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Katika neno "bottle" silabi ya pili haina irabu inayosikika; sauti ya l yenyewe ndiyo inayoibeba, na kidevu hakisogei kwa kiasi cha kuonekana. Kiswahili cha vitabu kina jambo hilo hilo katika "mtu" na "mke", ambamo m husimama peke yake kama silabi kamili. Sisi wa Goma tunapozungumza nyumbani husema "mutu" na "mutoto", tukiipa ile m irabu ya kuegemea, lakini shuleni tumezoea kusoma "mtu" kwa silabi mbili bila kushangaa. Mwalimu alipotuambia kwamba l ya "bottle" inafanya kazi ya m ya "mtu", nililielewa neno hilo kutoka ndani ya lugha yangu mwenyewe. Kuna walimu wengi wanaofundisha Kiingereza kana kwamba mwanafunzi amekuja mikono mitupu. Yule mzee hakuwa mmoja wao, na ninamshukuru mpaka leo.

Kanuni nyingine niliziongeza daftarini kadiri zilivyonifaa. Konsonanti mbili zikikutana kati ya irabu, mara nyingi mkato hupita katikati yake, kama katika "nap-kin". Lakini jozi zinazotoa sauti moja, kama th, sh na ph, hazitenganishwi, na ndiyo maana tunapata "fa-ther". Mwishoni mwa neno, -le huichukua konsonanti iliyo mbele yake, tukapata "ta-ble" na "lit-tle". Kipande -tion hakikatwi kamwe, hata kama mtu aliyesoma Kifaransa anashawishika kukitamka kwa njia nyingine. Konsonanti ikiwa moja tu kati ya irabu mbili, hakuna anayeweza kukuhakikishia: "robot" hukatwa ro-bot na irabu ya kwanza ikawa ndefu, ilhali "robin" hukatwa rob-in na irabu ikawa fupi. Msomaji hujaribu mkato wa kwanza, na asiposikia neno analolifahamu, hujaribu wa pili. Hata kamusi hazikubaliani. Nilikuwa na mbili zilizotumika, moja ya Uingereza na nyingine ya Marekani. Ya kwanza ilikata know-ledge, ya pili knowl-edge. Wamarekani humfuata Noah Webster, ambaye katika kitabu chake cha tahajia cha mwaka 1783 alitaka mkato ufuate jinsi watu wanavyotamka.

Hata baada ya silabi kukaa sawa, bado ulibaki mkazo, na hapo sisi wa mashariki mwa Kongo tuna mizigo miwili. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Kifaransa huuweka mwishoni. Kiingereza huuhamisha ndani ya ukoo mmoja wa maneno: katika "photograph" mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, katika "photography" uko kwenye ya pili, na katika "photographic" uko kwenye ya tatu. Nilidhani ni fujo, mpaka nilipogundua kwamba mwisho wa neno mara nyingi ndio unaoamuru. Neno likiishia kwa -tion, -ic au -ity, mkazo huangukia silabi iliyo mbele tu ya mwisho huo. Kwa hiyo "vulnerable" hukazwa mwanzoni, lakini ukiligeuza kuwa "vulnerability", mkazo hukimbilia kwenye bil. Ugunduzi huo mdogo ulinisaidia kueleweka na wageni kuliko orodha zote za msamiati nilizowahi kukariri.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya kutafsiri na kukalimani, kazi ambayo katika mji wetu haikosekani. Karatasi za mashirika zilikuwa zimejaa maneno ambayo niliweza kuyatamka vizuri sana bila kuyaelewa. Ndipo nilipohitaji mkato wa pili, ule usiouliza neno linasikika vipi bali limeundwa kwa vipande gani. Wataalamu wa lugha huviita vipande hivyo mofimu: mzizi, viambishi vilivyo mbele yake na viambishi vilivyo nyuma.

Mkato huu haukunijia kutoka katika Kiingereza. Ulinijia kutoka katika kitenzi "nilimpikia". Ukikigawa kwa silabi, unapata ni-li-m-pi-ki-a. Ukikigawa kwa maana, unapata ni-li-m-pik-i-a: mimi, wakati uliopita, yeye, tendo la kupika, kwa ajili yake, na irabu ya kufungia. Mzizi ni pik, na pik si silabi. Hakuna Mswahili anayeweza kuutamka mzizi huo ukiwa peke yake bila kuuongezea irabu. Tangu utotoni nilikuwa nikibeba ndani ya kila kitenzi mikato miwili isiyolingana, mmoja wa ulimi na mwingine wa akili, na sikuwa nimeutambua hata siku moja. Baada ya kuuona huko, kuuona katika Kiingereza kulikuwa rahisi. Chukua helikopta, chombo ambacho kila mtoto wa Goma hukisikia kikipita juu ya paa. Sikio hulikata neno "helicopter" hel-i-cop-ter, na watu wengi hudhani kwamba limeundwa kwa "heli" na "copter". Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt, aliyeliunda neno hilo mwaka 1861, alichukua maneno mawili ya Kigiriki: helix, yaani kitu kinachojizungusha, na pteron, yaani bawa. Mkato wa maana uko kati ya helico na pter, katikati kabisa ya silabi cop.

Nilijivunia elimu hiyo. Nilipokutana na neno nisilolijua, nilikata kiambishi cha mbele, nikakata cha nyuma, nikautazama mzizi, na mara nyingi nilipata maana bila kufungua kamusi. "Displacement" ikawa dis, place, ment: kuondolewa, mahali, hali, neno ambalo nyumba nyingi za hapa zinalijua bila kamusi yoyote. "Vulnerability" ikanionyesha vulnus, jeraha kwa Kilatini, na able, kuweza, ambayo inapopokea -ity hugeuka kuwa abil. Tulikuwa na orodha za watu waliostahili kusaidiwa kwanza, na kila nilipoliona neno hilo juu ya safu ya majina nilisoma: wanaoweza kujeruhiwa.

Kisha ikaja jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka. Sisi tuliokuwepo tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani, tulidhani yanarudi yale yale. Safari hii lava ilisimama Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji, baada ya kukata barabara ya Rutshuru na kuteketeza vijiji. Siku tano baadaye serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na watu wakamiminika Sake, Minova, Bukavu na Rwanda.

Tuliporudi, nilipewa taarifa fupi ya Kiingereza niitafsiri kwa Kiswahili, ili isomwe katika mkutano wa watu waliopoteza nyumba. Taarifa ilieleza njia ambayo lava ilipita na mahali iliposimama, na ilisema kwamba eneo hilo lilikuwa "inhabited". Nilifanya kama nilivyozoea. Nikakata in, nikaiona kuwa ni kikanushi kama katika "incorrect" na "invisible", nikakata ed, nikabaki na habit, kukaa. Tena Kifaransa kilinithibitishia, kwa kuwa "inhabité" kwa Kifaransa ni pasipokaliwa na mtu. Nikaandika kwamba lava ilisimama katika eneo lisilokaliwa na watu, na nikaisoma sentensi hiyo mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya watu waliokaa juu ya mawe na madumu ya maji.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja mzee aliyekaa mbele aliinua mkono, akangoja nimalize, kisha akasema: "Mwanangu, hapo unaposema hapakuwa na watu, mimi nilikuwa nimeinjika maharagwe."

Niliitazama karatasi ya Kiingereza iliyokuwa chini ya ile ya Kiswahili, nikaliona neno lile, na nikaelewa kabla hajaketi. Kiambishi in cha "inhabited" si kikanushi. Kimetoka katika kitenzi cha Kilatini inhabitare, kukaa ndani ya mahali, na maana yake ni "ndani". Anayetaka kusema kwamba mahali hapana watu kwa Kiingereza lazima aseme "uninhabited". Kifaransa kimelichukua neno "habité", yaani panapokaliwa, kikaliwekea kikanushi, kikapata neno linalokaribia kufanana kabisa na la Kiingereza kwa herufi na kupingana nalo kwa maana. Nilimwomba radhi yule mama mbele ya wote, nikaisoma sentensi upya kama ilivyopaswa, kisha nikaifuta na kuiandika tena kwa mkono pembeni mwa karatasi. Alitikisa kichwa akasema tu, "Sasa ndiyo." Nyumba yake ilikuwa imekwisha kuliwa na moto, mimi nilikuwa nimeifuta mara ya pili kwa herufi mbili.

Nimelitafakari kosa hilo miaka hii yote, na sidhani kwamba lilitokana na kukata vipande. Lilitokana na kukiamini kipande kwa sura yake. Kiswahili kingekuwa kimeshanionya, laiti ningekisikiliza: silabi "ni" mwishoni mwa "shuleni" huonyesha mahali, mwishoni mwa "someni" huonyesha kwamba wanaoamriwa ni wengi, na mwanzoni mwa "nimesoma" humtaja msemaji. Hakuna mtoto wa Goma anayezichanganya, kwa sababu husikiliza sentensi nzima kabla ya kuamua. Kwa Kiingereza mimi niliamua kwanza, nikasoma sentensi baadaye. Siku hizi nikishalikata neno huwa nalirudisha katika sentensi yake na kuuliza kama bado lina akili: lava iliyosimama mahali pasipo na watu ingehitaji mkutano wa waliopoteza nyumba kwa nini? Swali hilo moja lingetosha. Na "invaluable", ambalo kwa sura ni kitu kisicho na thamani, kumbe ni kitu ambacho thamani yake haiwezi kupimwa, sijapata kulitafsiri tena bila kulisoma mara mbili.

Sikuacha kukata maneno, kwa kuwa kuna maana ambazo hazionekani kwa njia nyingine. Katika orodha za watoto waliopotezana na wazazi wao siku zile za kukimbia lilikuwepo neno "unaccompanied". Kwa sikio ni un-ac-com-pa-nied, silabi tano. Kwa maana, un ni kikanushi cha kweli, ac ni kuelekea, com ni pamoja, na pan ni mkate, panis ya Kilatini, ambayo kwa Kifaransa imekuwa "pain". Anayekusindikiza, kwa asili ya neno hilo, ni yule unayekula naye mkate. Ndimo lilimotoka pia neno "copain" ambalo vijana wetu huitana kutwa nzima barabarani. Silabi zinaupasua mkate huo katikati, com-pa-nied, hata sikio halijui kwamba upo. Nilikuwa nimeliandika neno hilo mamia ya mara mbele ya majina ya watoto. Siku nilipolikata vizuri, niliweka kalamu chini kwa muda.

Mwaka jana mpwa wangu, binti ya dada yangu, anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, alinijia na daftari lake akasema: "Mjomba, wenzangu wanasema hili haliwezekani kusomwa." Lilikuwa neno lenye herufi 45, "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", ambalo Everett Smith, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Marekani cha wapenda mafumbo ya maneno, alilitunga mwaka 1935 ili tu liwe refu. Ni jina la ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini sana la volkano. Nililiandika kwenye karatasi ndefu nikampa mkasi, nikamwambia akate kwanza pale anapoona maana, si pale anaposikia sauti.

Alianza na volcano, kama mtoto yeyote wa hapa angefanya. Kisha akakata ultra na microscopic, ambayo alizijua kwa Kifaransa. Pneumono ilimsumbua kwa sababu ya ile p, ambayo Kifaransa huitamka na Kiingereza hunyamaza nayo, lakini alikumbuka "pneumonie" akasema ni mapafu. Coniosis nilimsaidia: konis ni vumbi kwa Kigiriki, na -osis ni hali ya ugonjwa, kama katika "tuberculosis". Vipande sita vililala juu ya meza. Baada ya hapo tu ndipo tulipovikata kwa silabi, akaweka mgongo wa mkono chini ya kidevu na kuhesabu kumi na tisa. Mara ya tatu alilisoma lote bila kusimama.

Kisha akanyanyua kipande cha silico na kuuliza kama ndilo vumbi tunalofuta mezani kila asubuhi. Nilimweleza kwamba silico ni silika, ile iliyomo ndani ya mchanga na kioo, na kwamba lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno ikilinganishwa na lava za volkano nyingine nyingi. Ndiyo sababu ni nyepesi kama maji na inaweza kukimbia kuliko mtu. Alikitazama kipande kile kwa muda mrefu. Akakitia mfukoni mwa sketi yake, akavisogeza vile vitano vilivyobaki mpaka vikagusana, akarudisha mkono chini ya kidevu, na kuanza kuhesabu upya: kumi na sita.